Nani Alisema Kinyangiri Hakuna Fundi?

Dawati la kwanza lilishuka kwenye lori huku mguu mmoja ukicheza. Antipasi, fundi seremala wa kijiji, alilitikisa mbele ya walimu.

"Hizi siyo mbao! Ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi! Mvua moja tu yatavimba."

Karakana yake, hatua chache kutoka shuleni, ilikuwa imejaa mbao kavu za mninga zikingoja kazi hii. Wafadhili wenyewe wa madawati walitamka kwenye semina pale kijijini kwamba kila kitu kitanunuliwa kijijini kwanza, labda kikosekane. Siku hiyo Antipasi alikuwa wa kwanza kufika. Alisaini mahudhurio, maana asiyesaini hapati soda, hilo hata mtoto wa Kinyangiri analijua. Akanywa, akala maandazi, akarudi nyumbani akiimba. Kesho yake aliuza ng'ombe wake wawili wa jembe, akanunua mbao.

Sasa hana ng'ombe, hana kazi, na madawati yametoka ng'ambo yamevikwa nailoni.

Jesca, ofisa wa mradi, alimsogelea. "Shikamoo, mzee."

Antipasi akamgeukia. "Fundi nipo hapa, mnanipita mnakwenda kununua takataka! Mmeniua!"

"Hata mimi nilishangaa, mzee. Lakini kijiji chenyewe kilituandikia kwamba hakina fundi hata mmoja. Watu sitini na wawili wamesaini."

"Watu gani? Elisha, ni akina nani hao?"

Elisha, mtendaji wa kijiji, alikuwa akitazama viatu vyake. "Mambo ya ofisi hayo, mzee wangu. Tutayaongea baadaye."

"Tutayaongea hapa hapa! Nataka huyo wa kwanza kusaini. Nitamfuata mpaka mlangoni kwake, kijiji kizima kimwone mjinga alivyo!"

Wapakuaji wakaacha kazi. Walimu wakasogea. Jesca akafungua faili, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini. Ya juu ilikuwa na mistari michache iliyochapwa na muhuri wa kijiji. Ya chini ilikuwa majina matupu, yameandikwa kwa kalamu, na kwenye kona palikuwa na doa la mafuta ya andazi.

Antipasi akainyakua. Akaweka kidole kwenye namba moja, akavuta pumzi ili alisome jina kwa sauti, kila mtu alisikie.

Lilikuwa lake.