Doa Jeusi Kwenye Jani Changa

Mzee Lugoye alikuwa bingwa wa magonjwa ya migomba, na watu wa mji wake walimwamini kuliko walivyoyaamini macho yao. Akisema jani lina doa, waliliona doa, na wengine wakaongeza la kwao. Wiki ile shamba zima la shemeji yake, dada wa mkewe, lilifyekwa kwa neno lake, na shemeji akamshukuru huku analia.

Asubuhi hii alichuchumaa uani kwake, akalishika jani la mgomba mchanga, akaliinua juani.

"Na huu umeshaugua. Mama Nyamizi, niletee panga."

Mkewe alikuja mikono mitupu. Akalitazama jani juu, akaligeuza na chini.

"Madoa yapi, Baba Nyamizi? Jani safi kama sahani ya mgeni."

"Hili hapa. Na hili. Acha utani, hata dada yako aliyaona kwake."

"Dada aliyaona kwa sababu wewe ulimwambia yapo! Basi mmoja wetu hapa haoni."

Mzee aliliachia jani, akageuka. Aliutazama ukuta uliopakwa chokaa juzi tu, nao ulikuwa na madoa. Akatazama mbinguni. Yalikuwako huko pia, yakihama kila alikopeleka macho. Ng'ambo ya ua, migomba ya shemeji ilikuwa imelala chini, ikianza kunuka.

"Mume wangu, unanitisha. Una nini?"

Mzee alimsogelea. Alinyoosha kidole gumba taratibu, akakiweka kwenye shavu la mkewe, akaanza kulifuta doa.