Mzoga Mwekundu

Panya alitoka mkia kwanza. Fundi alimvuta kwa koleo kutoka kwenye kisanduku cha kichujio cha hewa, chini ya tangi, na harufu iliyomfuata ikamfanya ageuze uso na kutema mate.

"Huyo kaingia jana tu," alisema muuzaji, macho makavu. "Pikipiki yenyewe bikira, kaka. Mkono wa kwanza. Ilikuwa ya daktari mmoja, anaiendesha Jumapili kwa Jumapili."

Panya alikuwa amekauka, kabaki ngozi na meno. Fundi alimtupa kando.

Kwa miaka ishirini alikuwa akiwakagulia watu pikipiki za mitumba kabla hawajanunua, na hakuna mteja wake hata mmoja aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina hilo ndilo lililomlisha. Lakini siku hizi kazi ilimtia kinyaa. Yadi hii ilikuwa ya tatu tangu asubuhi, na kila walikoingia walikuta uongo uleule uliopakwa rangi mpya: mita zimerudishwa nyuma, oili nzito kama uji imemiminwa ili kuficha kelele za injini, unga wa mbao umetiwa kwenye gia. Watu hawa wangeweza kuuza jeneza lililotumika, wakaapa kwamba maiti alilalia upande mmoja tu.

Mteja wa leo, mama mmoja mshonaji wa sare za shule, alisimama nyuma yake akiwa amebana mkoba kwapani. Alitaka pikipiki kubwa ya mbio, nyekundu, kwa pesa ambazo wenye maduka wangezicheka. Kijana wake aliahidiwa na baba yake kwamba akimaliza chuo atapata pikipiki ya aina hiyo. Chuo alikuwa amemaliza, na Jumamosi angefika nyumbani.

"Sasa baba mtu mbona hakuja kuchagua mwenyewe?" fundi alikuwa amemuuliza asubuhi.

"Aliondoka na pikipiki," mama alijibu, akainama kutafuta kitu ndani ya mkoba.

Fundi alimchukia mume huyo bila kumwona. Aliwajua wa namna hiyo. Mtu anatoa ahadi kubwa mbele za watu, kisha anapanda yake na kwenda zake, mke abaki kuhangaika na matapeli juani.

Na mama mwenyewe alikuwa mgumu. Katika yadi ya kwanza walibahatika kupata moja ya zamani lakini nzima, na bei ikaangukia palepale kwenye mkoba wake. Fundi aliiwasha, ikanguruma mara moja. Mama akarudi nyuma hatua tatu, kiganja kifuani.

"Hii hapana."

"Ina ubaya gani, mama?"

"Hapana tu."

Katika yadi ya pili walipata nyingine nzima, naye akauliza swali moja: vipuri vyake vinapatikana? Fundi akamwambia kwa furaha kwamba vimejaa kila kona. Mama akatikisa kichwa na kutoka nje. Fundi alimfuata akijiambia kwamba mteja ni mteja, hata akiwa haeleweki.

Sasa walikuwa mbele ya takataka hii. Fundi alipitisha kidole shingoni mwa fremu, rangi ikabanduka kama kigaga cha kidonda. Chini yake kulikuwa na ufa uliojazwa gundi. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na panya. Alijaribu kuuzungusha mhimili wa injini kwa spana ndefu, haukusogea hata unywele.

"Mama, twende zetu. Huu ni mzoga."

"Haiwaki?"

"Haiwaki. Injini imenoki, pistoni zimeshikana, fremu imepasuka, na vipuri vyake viliacha kutengenezwa zamani."

"Na ikiletwa gerejini kwako?"

"Hata malaika ashuke na spana mkononi. Hii haitatembea mpaka kiama."

"Labda kwa fundi mwingine. Anayejua kukushinda."

Hapo alimgusa penye jipu. "Fundi atakayekwambia inatengenezeka ni mwizi, mama. Mwizi!"

Mama akatoa daftari lake la vipimo vya nguo, akafungua ukurasa mweupe. "Niandikie hayo yote. Na sahihi yako chini."

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kumbe mama ana akili. Anataka silaha ya kumshushia mwongo huyu bei, au kumshtaki kabisa. Aliandika kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka penye neno KAMWE. Mama alisoma mara mbili, midomo ikichezacheza, akaikunja karatasi na kuisukumiza chini kabisa ya mkoba.

Kisha akamlipa muuzaji bei aliyoitaja, bila kuomba apunguziwe. Muuzaji alishtuka hadi akasahau kudanganya.

Fundi aliitupa spana chini. Miaka ishirini ya jina zuri, na leo mteja wake anaondoka na mzoga ambao yeye mwenyewe ameuandikia cheti! "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, bila kujali kwamba anasikika. "Mama, nimekuonyesha nzuri mbili leo. Mbili! Huyo kijana Jumamosi utamwambia nini?"

Mama alikuwa akilifuta tangi jekundu kwa pindo la gauni lake, polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

"Nitamwambia ahadi ya baba yake imetimia," alisema. "Nzuri tulishanunua, fundi. Ndiyo iliyoondoka na baba yake, asirudi tena."