Mtutu Uliooshwa

Arvid Tollefson aliingia kwa jirani yake mchana kweupe kutenda uovu, na zana za uovu wenyewe zilikuwa ufito, brashi, chupa ya dawa na vitambaa safi. Alikwenda kuosha bunduki ya mtu.

Mlango haukuwa na kufuli. Katika mji ule wa jimbo la Wisconsin milango hufungwa kuzuia baridi tu. Mwenye nyumba, Delbert Krueger, alikuwa kanisani akikaanga samaki wa Ijumaa, na asingerudi mpaka Walutheri wote washibe.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mashindano ya klabu, ya bunduki za risasi ndogo. Kila mwaka Delbert huwa wa kwanza na Arvid wa pili. Safari hii Arvid alikuwa amejiundia bunduki yake mwenyewe, ile aina inayojipakia: ukivuta kifyatulio risasi inatoka, ganda linaruka, nyingine inaingia. Mtutu aliukereza mwenyewe. Komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, alilisugua mpaka likateleza kama samaki mbichi. Majira yote ya baridi mashine ya kukerezea ilinguruma gerejini, na gari la mkewe, LaVonne, likalala nje chini ya theluji.

Majaribio yakamwaibisha. Risasi nne zilikaa pamoja kama ndugu, ya tano ikaenda kutembea. Akabadilisha darubini, akabadilisha kifyatulio, akabadilisha hata kiti alichokalia. Ya tano ikazidi kutembea.

"Sikiliza, mzee," LaVonne alimwambia, sepetu ya theluji mkononi. "Siku ya mashindano ukishindwa, hiyo mashine inauzwa na gari langu linaingia ndani. Nimechoka kulichimbua kila asubuhi kama kiazi."

"Na nikishinda?"

"Nitachimbua, na wala hutanisikia."

Arvid aliifungia bunduki katika sanduku lake, akaapa kutoligusa mpaka siku yenyewe. Kisha akaikumbatia mashine yake akalia, akidhani mlango wa gereji umefungwa.

Ndipo lilipomjia wazo la kuosha. Mtutu wa risasi ndogo hauoshwi ovyo. Nta ya risasi hujipaka humo ndani pole pole, kama mafuta katika kikaango cha bibi. Ukiuosha, mtutu unasahau kila kitu, na risasi hutawanyika kama kuku walioona mwewe, mpaka uulishe tena risasi boksi baada ya boksi. Na siku ya mashindano mtu huruhusiwa kujaribu mara chache tu. Delbert akishaanguka, nani mwingine wa kumtisha wa pili wa miaka yote?

Bunduki aliikuta imebanwa kwenye jiliwa la meza ya kazi. Mpya! Kitako cha mbao ya mjozi mwekundu, kimechongwa kikachongeka, na mtutu umepakwa rangi nyeusi tii. Pembeni ilibandikwa karatasi ya majaribio: risasi zote tano zimepita tundu moja, dogo kuliko kifungo cha shati.

"Mshenzi wewe," Arvid alinong'ona.

Alivuta komeo. Likateleza kama samaki mbichi. Akalitazama kwa makini, na damu ikamchemka: lilikuwa limesuguliwa vilevile alivyosugua yeye, kona kwa kona.

"Na ameniiga! Mwizi wa ufundi wa watu!"

Huruma yote ikamtoka. Alimimina dawa, akapitisha brashi, akarudia. Vitambaa vilitoka vyeusi, vikatoka vya kijivu, mwishowe vikatoka vyeupe kama nguo ya mtoto anayepelekwa kubatizwa. Alipochungulia, mtutu ulimeremeta hata akaona aibu. Aibu kidogo, si ya kumkosesha chakula, kwa maana jioni alikwenda kanisani akala samaki wa Delbert, akaomba nyongeza.

"Vipi, jirani?" Delbert alimuuliza, aproni imelowa mafuta. "Kesho uko tayari?"

"Kuliko wewe."

Delbert alicheka. LaVonne naye akacheka, ingawa hapakuwa na cha kuchekesha.

Jumamosi ukumbi wa klabu ulijaa makoti manene na harufu ya kahawa. Delbert aliwasili na bunduki yake kuukuu, kitako kimezungushiwa utepe wa gundi.

"Ile mpya umeiacha wapi?" Arvid aliuliza.

"Mpya gani tena, bwana? Mimi nina hii hii."

LaVonne aliweka sanduku la bunduki juu ya meza ya mumewe. Macho yalimng'aa kama msichana.

"Fungua, mzee."

Arvid alifungua. Kitako cha mjozi mwekundu kilimtazama.

"Nilikusikia ukilia," LaVonne alisema. "Nikampelekea Delbert bunduki yako, nikakuachia sanduku tupu. Gari limeshazoea theluji, mume wangu. Wewe hujazoea kulia."

"Chuma chako hakikuwa na kosa lolote," Delbert alidakia. "Ugonjwa ulikuwa kile kitako, kilikuwa kinaubana mtutu. Nimekuchongea kingine, na mtutu nikaupaka rangi. Nimechoka kushinda peke yangu kila mwaka, haina raha."

Arvid alilifunga sanduku, akalifungua tena. Watu wa klabu wakadhani ni furaha, wakampigia makofi.

Delbert alimshika bega kwa upendo, akamsogeza mpaka kwenye kiti.

"Nimeulisha risasi wiki nzima mpaka umekubali. Kaa, vuta pumzi, piga. Ni tundu moja tu, jirani, nakuapia. Labda awe amepita mwendawazimu akauosha."