Mgeni Ndiye Huanza

Khadija alicheka tena na simu, na Feruzi akajidunga sindano kidoleni.

Mwezi wa tatu sasa! Kila asubuhi, hata chai hajanywa, mkewe anaangalia Hilaire, mwanamume wa huko Yahuma, amejibu nini. Eti wako kwenye mashindano ya sataranji ya kutumiana kwa simu, hatua moja kwa siku. Hatua moja, na ujumbe mrefu vile? Feruzi, fundi cherehani wa Mangobo, hakujua hata farasi wa sataranji anaendaje. Lakini wivu aliujua, maana ulikuwa ukimla mzimamzima.

"Ule mutu iko na akili, Papa Nuru," Khadija alimwambia mumewe siku moja. "Wa vile hautaona mwingine."

Siku hiyo Feruzi alishona mkono wa shati kinyume.

Jirani yake Faustin, fundi wa simu, ndiye aliyempa dawa. "Mu mashindano yao mashine ni marufuku. Mutu akiachia programu imuchezee, wanamufukuza siku ileile."

Afukuzwe! Feruzi nusura ambusu.

Khadija alipokwenda sokoni, Feruzi alimpelekea Faustin daftari ambamo mkewe huandika mchezo. Lilikuwa na safu mbili za hatua, bila majina. Faustin akaingiza zote kwenye programu ya sataranji, izilinganishe na zake.

"Safu ya pili ni mutu, anakosea kama sisi," alisema. "Ya kwanza, bon, ni mashine tupu. Hatua makumi tatu na moja, zote!"

Feruzi hakuhitaji kuuliza ya kwanza ni ya nani. Kwao mgeni hunawa wa kwanza, hupakuliwa wa kwanza. Siku hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu Yahuma iingie nyumbani mwake.

Khadija alimkuta mlangoni, daftari mkononi.

"Hilaire yako ni mwizi! Safu ya kwanza yote ni mashine. Ndiyo akili ulikuwa unanisifia?"

Khadija alitua kikapu. Hakukasirika. Aibu ilimjaa usoni.

"Usimuseme Hilaire. Yeye anacheza na kichwa yake. Ile safu ni yangu. Niliogopa akiona niko mujinga, atanichoka."

"Yako?" Feruzi alilifungua tena daftari. "Lakini mgeni ndiye anaanza!"

Khadija alimtazama kwa huruma.

"Hapana, Papa Nuru. Nilianza mimi."