Marahaba

Evelina aliegesha gari juu ya kivuko cha zebra, ng'ambo ya lango la shule, mwanawe akiwa kiti cha nyuma. Mzee anayesimama pale kila asubuhi akagonga kioo.

"Mama, sogeza gari. Mtoto akilizunguka, mwenye pikipiki hamwoni."

"Shikamoo, mzee. Dakika moja tu."

"Marahaba. Nami nilisema hivyo hivyo."

Mzee akafunua turubai juu ya gari lake mwenyewe, lililolala kando ya barabara tangu mwaka jana bila kuoshwa. Kwenye vumbi jekundu la Dodoma, vidole vinne vya mtoto vilikuwa vimechora mistari juu ya boneti. Ilifika kwenye taa ya kulia, ikakatika.

"Mtoto huyo alinipa shikamoo. Nilikuwa kwenye simu, nikamwitikia haraka ili aende. Akaenda, pikipiki ikamkuta."

Evelina akageuka nyuma. Kiti kilikuwa kitupu, mlango wazi.

Mwanawe alikuwa ameshafika mbele ya gari la Evelina, mkono wake ukiburuzika kwenye vumbi la boneti. Alipomwona mzee, akasimama kama alivyofundishwa, asiondoke mpaka aitikiwe.

"Shikamoo, babu."

Mzee alisikia pikipiki inakuja. Akamkazia mtoto macho, akafumba mdomo.

Mtoto akangoja, vidole vikiwa juu ya taa. Pikipiki ikapita kwa kasi, ikapeperusha kaptula yake.

Mzee alikuwa bado hajaitikia.