Tabibu wa Ng'ambo ya Kijito

Mama Nungunungu alikuwa hodari wa kuogopa. Aliogopa vumbi, baridi na watoto wa wenzake, kwa hiyo akaziba mlango wa shimo kwa jiwe, akamlea mwanawe Tindo humo kama yai. Mwishowe Tindo akakataa chakula, akawa wa kulala tu.

Mama akamtumia ujumbe tabibu Mhanga aje upesi. Jibu likarudi: "Siendi kwa mtu. Mlete, na aje kwa miguu yake."

Wakatoka, mama akinung'unika. Tindo alijikokota mpaka mkuyuni, akaonja tunda lililoanguka. Kijitoni akajitupa topeni. Mlimani akakimbiza panzi, mama nyuma.

Mhanga akawatazama wakifika mlangoni pake. "Mgonjwa ni yupi? Maana anayehema ni wewe."

"Ni huyu, tabibu. Hali chakula kabisa."

"Mama, nina njaa," akasema Tindo.

Mama akaketi chini, akacheka mpaka akalia. "Basi nipe hata dawa kidogo ya nyumbani."

"Mmeshaimeza njiani. Unadhani nilichimba shimo langu mbali hivi kwa kukosa kiwanja?"

Waliporudi, mama hakuuziba mlango tena. Alisema jiwe limekuwa zito.