Ngege wa Sebuleni

Kila nyumba pale Musoma ililea ngege wa ziwani, na barafu ya nyumba ilikuwa ya samaki hao peke yao. Bhoke aliizoea sheria hiyo kama alivyolizoea jua.

Mchana huo wa joto kali, tangi la ngege pale sebuleni lilianza kulia king'ora. Ngege walikuwa wamepanda juu, wakitwetea hewa. Bhoke akazima taa ya tangi, akaondoa kifuniko, akaongeza nguvu ya pampu ya hewa, kisha akavuta pazia.

Mama mkwe wake, Wegesa, alikuwa amejilaza kwenye kochi.

"Wamwagie barafu yote, mwanangu. Wanakufa hao."

"Hapana, mama. Maji yakipoa ghafla ndiyo yatawaua. Yanapozwa polepole."

Akajaza barafu kwenye chupa, akazifunga vizuri, akaanza kuziachia zielee majini moja moja. Wegesa alijikokota hadi kwenye tangi, akaegemeza shavu kwenye kioo. Uso wake ulikuwa mkavu, bila hata tone la jasho. Bhoke aliliona hilo, lakini macho yakarudi kwenye kipimajoto.

Taratibu ngege wakashuka, wakatulia. Tangi likanyamaza, kisha likasema kwa sauti yake ya upole:

"Asante. Ngege wako salama. Karibu na kioo kuna kiumbe mwingine aliyezidiwa na joto. Huyo si wa tangi."

"Linasemaje?" Wegesa aliuliza, akiwa amefumba macho.

Bhoke alikuwa bado ameshika chupa ya mwisho.

"Linashukuru, mama," alisema, akaitia majini.